Nakala si bandia: Funzo kutoka vyombo vya fedha vya Kirumi

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa tafsiri aliniletea kazi kuhusu vyombo vya mezani vya Warumi wa kale vilivyoigwa Ulaya katika karne ya 19. Aliviita "vyombo bandia vya fedha". Nikatia alama ya vyema, nikafungua ukurasa uliofuata. Usiku neno hilo likaninyima usingizi. Mwanafunzi alikosea, lakini mimi mwalimu nilikosea zaidi.

Tuanze na historia. Mnamo Oktoba 17, 1868, askari wa Prussia waliokuwa wakichimba mahali pa kulengea shabaha karibu na mji wa Hildesheim, Ujerumani, walifukua vyombo takriban 70 vya fedha. Miongoni mwavyo mlikuwa na bakuli lenye umbo la Minerva, mungu wa kike wa Warumi, ameketi. Hazina hiyo ikapelekwa Berlin. Je, fundi wa Paris au London asiye na nauli angeionaje?

Hapo ndipo nakala zilipoingia. Kampuni ya Christofle ya Paris ni miongoni mwa zilizozitengeneza, kwa kutumia umeme. Fundi alichukua umbo la chombo kwa kalibu, akaipaka kalibu hiyo unga wa grafiti ili ipitishe umeme, kisha akaitumbukiza katika maji yenye salfeti ya shaba. Umeme ulipopita, shaba iliganda ndani ya kalibu kidogo kidogo, ikifuata kila mchoro. Mwishowe shaba hiyo ikapakwa fedha, na aghalabu ikapigwa mhuri wa kampuni.

Haikuwa kazi ya kificho hata kidogo. Mwaka 1867, kwa juhudi za Henry Cole wa makumbusho ya South Kensington, London, wana wa wafalme kadhaa wa Ulaya walitia saini mkataba wa kuhimiza makumbusho zibadilishane nakala za kazi za sanaa.

Wala wazo lenyewe si geni. Huko Memphis, Misri, zilipatikana plasta za kale zilizochukuliwa kutoka vyombo vya fedha, na leo zimo katika makumbusho ya mji ule ule wa Hildesheim. Mafundi wa kale nao walihifadhi maumbo ya kazi za wenzao.

Sasa turudi kwenye neno. "Bandia" lina sura mbili. Meno bandia na mguu bandia havimdanganyi mtu; vinashika nafasi ya kilichokosekana. Lakini noti bandia, dawa bandia na cheti bandia ni ulaghai. Likikaa karibu na "fedha", neno ambalo Mkenya wa leo hulisikia kama pesa kabla ya kukumbuka madini, maana ya pili ndiyo inayotangulia. Msomaji atadhani Christofle walikuwa matapeli!

"Nakala" ni neno jingine kabisa. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kuhamisha, kutoa kitu hapa na kukipeleka pale. Ndiyo kazi iliyofanywa: umbo lilihamishwa, chombo asilia kikabaki Berlin.

Je, nakala haiwezi kuwa ghushi? Inaweza. Nakala hizo zimekuwa vitu vya kale zenyewe, zina wanunuzi wake. Muuzaji akikwangua mhuri na kudai kwamba chombo kilitoka kwa Warumi, ameghushi, ingawa chombo ni kile kile cha jana. Ndivyo ilivyo pia kwa tasnifu: ukinukuu ukamtaja mwenyewe, umenakili; ukilifuta jina lake, umeiba.

Basi nilimwita mwanafunzi wangu. Tulifuta "bandia", tukaandika "nakala za vyombo vya fedha vya Kirumi". Nami nikaifuta ile alama yangu ya vyema, nikasoma kazi yote upya.