Wabena wa Mitoni, Wabena wa Milimani

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hulikata bonde la Kilombero lenye joto, mpunga na mito hadi Mlimba. Hapo ndipo kupanda kunapoanza. Kipande cha kutoka Mlimba hadi Makambako kiliwatesa wajenzi kuliko kingine chochote katika kilomita 1,860 za njia hiyo, kwa mahandaki yake, madaraja yake na udongo unaoteleza. Anayeshuka Makambako hutafuta sweta. Akipanda basi la Njombe, mji ulioko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, atatafuta na koti. Kisha atarudi kwao na kuieleza Njombe kwa maneno manne: baridi, viazi, mbao, ulanzi.

Si uongo, ila wenyeji, Wabena, hawamo katika maelezo hayo.

Wapita njia walianza kuieleza nchi hii zamani. Mwaka 1879 Mskoti Joseph Thomson alipita Ubena akielekea Ziwa Nyasa, baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho. Mnyapara wa msafara alikuwa Chuma, mmoja wa wale walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Kitabu cha safari hiyo, kilichotoka 1881, ni cha Thomson. Tungekuwa na kitabu cha pili, cha Chuma, pengine tungewajua vizuri zaidi watu waliokutana naye njiani.

Mwaka 1935 walifuata A. T. Culwick, ofisa wa serikali ya kikoloni, na mkewe G. M. Culwick, kwa kitabu kinene juu ya Wabena wa bonde la Ulanga, ndilo hilo la Kilombero, yaani Wabena wa mitoni. Humo mna sura iliyoandikwa na mtemi mwenyewe, Towegale Kiwanga. Ni sura moja tu kati ya nyingi, lakini uzito wake ni mkubwa: mtawala wa Kibena anawaeleza watu wake katika kitabu kilichokusudiwa wasomaji wa Uingereza.

Huku milimani masimulizi yalibaki midomoni. Septemba 1905 wapiganaji wa Kingoni na wa Kibena waliishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe. Vitabu vya shule huliweka tukio hilo ndani ya Vita vya Majimaji, na taifa lina haki ya kuitaka historia hiyo: makabila mengi, adui mmoja. Lakini mwanahistoria James Giblin alipowasikiliza wazee wa Njombe, aliwakuta wakivitaja kama Vita vya Korosani. Korosani ni Gröschel, mmisionari wa Yakobi, jina lake likiwa limelainishwa na ndimi za wenyeji. Kwao vita vilikuwa na mlango wake, jirani zake na koo zake. Simulizi la namna hiyo lina thamani kwa sababu halikutungwa ili kuthibitisha jambo la mtu mwingine.

Serikali ya Waingereza nayo ilikuwa na maelezo yake: Njombe ni ghala la vibarua. Kuanzia 1944 wakala wa wenye mashamba ya mkonge, SILABU, alikusanya manamba kutoka wilaya za mbali, na wanaume wa Njombe walisafirishwa hadi Tanga na Morogoro. Mwaka 1949 ikaanzishwa kampuni ya miwati, TANWAT, kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi. Katika kitabu cha 2005, alichokiandaa pamoja na Blandina Kaduma Giblin, Giblin anaonyesha jinsi watu hao hao walivyojieleza kwa njia nyingine kabisa. Walijieleza kwa familia: nani alimsomesha nani, nani alimpokea ndugu mjini, nani alirudi na mtaji. Kwa maelezo hayo, aliyetoka mkongeni ni mtu mwenye kwao.

Yakobi leo ni kata ndani ya Halmashauri ya Mji wa Njombe, na ina shule. Wanafunzi wake wangepewa daftari na kutumwa kwa bibi na babu zao, wakaandike habari za Korosani, za mkonge na za miwati kama zinavyosimuliwa nyumbani, kwa Kibena na kwa Kiswahili. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji mwalimu mmoja anayeitaka, na ianze mapema, kwa maana waliozisikia habari za 1905 kutoka kwa wazazi wao wamebaki wachache mno.