Mlango Uliofungwa Kabla ya Kura: Kenya, 1968

Wasimulizi wa habari za uchaguzi huanza kwa kawaida na sanduku la kura. Lakini kabla ya sanduku iko karatasi ya uteuzi, ambayo mgombea huijaza, na afisa wa serikali huipokea au huikataa. Historia ya Kenya yaonyesha ya kuwa karatasi hiyo yaweza kuamua mambo kabla mpiga kura hajaondoka nyumbani kwake.

Mwaka 1966 Bwana Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais, akaongoza chama kipya cha KPU. Mara Katiba ikabadilishwa, na wabunge waliohama KANU wakalazimika kurudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi huo wa mwezi wa Juni, KPU ilipata viti 9 kati ya 29. Ushindi ulikuwa haba, walakini ulitosha kudhihirisha kwamba chama hicho kilikuwa na wafuasi.

Agosti 1968 ikafika zamu ya madiwani. Mabaraza ya wilaya zama hizo yalisimamia shule za msingi, zahanati na barabara, kwa hiyo udiwani haukuwa cheo cha mapambo. KPU ilitoa wagombea wapatao 1,800. Wote wakakataliwa kwa hoja kwamba karatasi zao hazikujazwa sawasawa, hali karatasi za KANU zilionekana kuwa timamu. Waliohukumu ni Wakuu wa Wilaya, watumishi wa serikali ile ile iliyokuwa ikishindana na KPU. Kesi ya ngedere ilipelekewa nyani.

Yamkini wako waliokosea kweli. Kujaza karatasi si kazi ya kila mtu. Lakini je, makosa huchagua chama? Mtu aliyetaka kusemea shule na soko la kijiji chake alirudi nyumbani pasipo kushindwa na mtu yeyote, na jirani zake hawakuulizwa neno.

Oktoba 1969 KPU ilipigwa marufuku, na Odinga akatiwa kizuizini. Aliachiliwa mwaka 1971, akarudi KANU. Hata hivyo mwaka 1974 alizuiwa kugombea. Ruhusa ya vyama vingi ilirudi mwaka 1991, na Katiba ya 2010 ikamfungulia njia hata mgombea asiye na chama.

Basi uhuru wa kura hutegemea uhuru wa kuteuliwa. Ufunguo wa mlango hauwezi kukaa salama mikononi mwa mmoja wa wanaogombea nyumba.