Ukodishaji wa mauzo ya ndani ya ndege

Lori la mzigo wa transiti likifika Kobero, mpakani mwa Burundi upande wa Muyinga, ofisa wa forodha hutazama lakiri kwanza. Ikiwa nzima, mzigo bado uko chini ya ulinzi wa forodha na ushuru wake haujadaiwa. Toroli la manukato, vileo na saa linalopita katikati ya viti vya ndege liko chini ya utaratibu huohuo. Hupakiwa kwenye ghala la forodha na kufungwa kwa lakiri yenye namba. Ndege ikisharuka, mhudumu huikata, huhesabu bidhaa, huuza, na kabla ya kutua hulifunga kwa lakiri nyingine na kuandika namba yake kwenye fomu.

Bidhaa hizo mara nyingi si za shirika la ndege. Kuna kampuni inayozinunua, kuzitunza ghalani, kuchapisha katalogi na kubeba hasara ya zilizododa. Shirika hutoa nafasi ndani ya ndege na wahudumu wa kuuza, kisha hupata sehemu ya mauzo, pengine pamoja na kiwango cha chini kilichokubaliwa mapema. Mwaka 2020 shirika la Korean Air liliuza biashara yake ya chakula cha ndegeni na ya bidhaa hizi kwa kampuni ya Hahn & Company.

Mpango huu wa shirika kuipa kampuni nafasi ya kuuza tuuiteje? “Kupeleka kazi nje” hakufai, kwa kuwa kazi yenyewe haitoki: inafanyika humohumo ndegeni, kwa mikono ya wahudumu wa shirika. “Uwakala” unakaribia, ila wakala huuza mali ya mwenzake, na hapa kampuni inauza mali yake. “Ukandarasi” ndio unaovutia wengi, nami naukataa kwa sababu moja: mkandarasi hulipwa na mwenye kazi. Hapa kampuni ndiyo inayomlipa mwenye ndege.

Pwani yetu iliwahi kuwa na mpango wa sura hiyo. Katika karne ya 19, Sayyid Said wa Zanzibar alimkodisha Jairam Shivji forodha yake. Shivji alimlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka. Ushuru uliozidi hapo ulikuwa wake, na ukipungua, hasara ilikuwa yake pia. Kwa hiyo napendekeza “ukodishaji wa mauzo ya ndani ya ndege”. Shirika ni mkodishaji na kampuni ni mkodi. Haki ya kuuza ndiyo inayokodishwa.

Kwa bidhaa zenyewe, “zisizotozwa ushuru” ni sahihi mradi tuongeze “safarini”. Msamaha hutolewa kwa sababu bidhaa inatoka nchini. Inapoingia nchi nyingine, sheria ya huko ndiyo inayoamua. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na sheria ya forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, humruhusu msafiri kuingia bila kulipa ushuru na lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo, na gramu 250 za tumbaku. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, lakini ndege za kimataifa hutua Bujumbura, kwenye Uwanja wa Melchior Ndadaye. Anayerudi Gitega na chupa 3 za wiski za lita 1 kila moja alizonunua angani ataulizwa hapo ushuru wa 2.