Askari wa Mizinga Waliozama na Khedive Ismail

Kila inapotajwa meli ya Khedive Ismail, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye swali moja: watu wale waliuawa na Wajapani, au na manowari ya Kiingereza iliyokuja kuwaokoa? Swali ni halali na nitalipa nafasi yake. Hata hivyo limeachwa likue mpaka likalifunika jingine ambalo kwetu sisi lingepaswa kutangulia, yaani waliokufa walikuwa nani na walikuwa wanapelekwa wapi.

Tuanze na hesabu. Mchana wa Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, meli hiyo ilipozamishwa ilikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, wengi mno wakiwa askari Waafrika chini ya maofisa wao Waingereza. Ni karibu theluthi mbili ya wote waliokuwamo. Waliobaki walikuwa mabaharia wa meli yenyewe, askari wa majini, wauguzi zaidi ya hamsini, na wanawake wengine wa vikosi vya msaada. Walionusurika ni 214 tu: wanaume 208 na wanawake sita. Katika vita vyote vile, ni meli chache tu za upande wa Uingereza na washirika wake zilizozama na watu wengi kuliko hiyo.

Historia ya askari wa Afrika Mashariki chini ya bendera ya Uingereza inajulikana vya kutosha kwa msomaji wa jarida hili. Rejimenti tatu ziliunganishwa 1902 zikawa King's African Rifles, iliyozoeleka kama KAR. Ikaja vita ya 1914 na mateso ya wapagazi, kisha miaka mirefu ya kulinda mipaka na kukandamiza waliokataa kodi. Mwaka 1941 KAR ilikuwa Ethiopia ikiwafukuza Waitalia, na Septemba 1942 Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikateremka Majunga, Madagaska, kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy. Vita ile ya Madagaska inastahili makala yake, walau kwa kisa cha mwisho wake: Gavana Annet aliburuta mazungumzo ya kusalimu amri mpaka ikapita saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba, ili miezi sita tangu Waingereza wa kwanza waingie kisiwani itimie na wanajeshi wake wapate stahili za waliopigana nusu mwaka. Askari wa KAR walikuwa wamekwisha kutembea zaidi ya nusu ya kisiwa kwa miguu.

Naitaja Madagaska kwa sababu ya mtu mmoja. Kenneth Gandar-Dower alikuwa Mwingereza wa tabia za ajabu. Kabla ya vita aliipanda milima ya Aberdare kumtafuta simba mwenye madoa aliyesimuliwa na wenyeji, na mwaka 1937 aliwapeleka duma London wakashindanishwa mbio kwenye uwanja wa mbwa. Vita ilipoanza akawa mwandishi wa habari za majeshi ya Afrika Mashariki, na kwenye ufuko wa Tamatave alishuka majini amevaa kofia ya karani wa London, taipureta mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili. Ni kichekesho, lakini vijitabu vyake viwili, kimoja juu ya askari katika vita vya Uhabeshi na kingine juu ya KAR huko Madagaska, ni miongoni mwa maandishi machache ya wakati ule yaliyomweka askari Mwafrika katikati ya ukurasa. Ni propaganda, sina ubishi. Vilitolewa kwa manufaa ya jeshi, na msomaji asitegemee kukuta humo malalamiko ya posho wala viboko. Hata hivyo wanahistoria wetu wamevipuuza mno, wakati wanakubali bila kusita ripoti za maofisa wa wilaya ambazo nazo zilikuwa na bwana wake.

Gandar-Dower alipanda Khedive Ismail. Mwandishi aliyekwisha kuzoea kuandika juu ya askari hawa alizama pamoja nao, na makala ambayo pengine angeiandika juu ya Rejimenti ya 301 haikuandikwa na mtu mwingine.

Msafara wenyewe ulitoka Mombasa mapema mwezi ule: meli tano za kubeba askari, zote zikielekea Colombo, Ceylon, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa imetangulia na kufanya mazoezi kwa ajili ya Burma. Khedive Ismail haikuwa meli ya kivita. Iliundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya abiria wa kampuni ya Chile, ikauzwa kwa Wamisri miaka ya 1930, na vita ikaikamata. Ulinzi wa msafara, siku ya maafa, ulikuwa manowari kubwa moja, Hawkins, iliyoshushwa majini 1917, na manowari ndogo mbili za kasi, Petard na Paladin. Meli tatu kulinda tano zilizosheheni watu, katika bahari ambayo ilijulikana kuwa nyambizi za Kijapani zinapita. Hapa ndipo ningependa wachunguzi wakae muda mrefu zaidi, lakini hawakai, kwa kuwa uamuzi wa kugawa manowari ulifanywa mezani, na meza haina msisimko.

Walikuwa kwenye mlango wa bahari wa Digrii Moja na Nusu, kusini mwa Maldives. Chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha, na ukumbini kulikuwa na tamasha la muziki. Kama saa nane na nusu hivi nyambizi I-27, chini ya nahodha Fukumura, ikafyatua makombora, mawili yakaipata Khedive Ismail. Meli ikalala ubavu, ikakatika, ikazama. Yote hayo hayakufika dakika mbili.

Msomaji ajaribu kuzipima dakika mbili hizo akiwa ndani ya meli. Kwa desturi ya meli za askari, maofisa na wanawake walipewa vyumba vya juu, na askari wa kawaida walilala deki za chini, wamebanana, wakitegemea ngazi chache. Meli ikiinama hata kidogo, ngazi haikanyagiki tena. Wengi wa wapiga mizinga hawa walikuwa watu wa bara, ambao bahari waliiona mara ya kwanza jeshi lilipowateremsha Mombasa. Aliyekuwa staha ya juu alikuwa na nafasi ya kuruka. Aliyekuwa chini hakuwa nayo.

Sasa ule ubishi. Meli nyingine nne zilitawanyika kama amri ilivyotaka. Paladin ikateremsha mashua kuokota watu waliokuwa wakielea kwenye mafuta na mbao. Petard ikaitafuta nyambizi, na nyambizi ilikuwa imejificha chini ya palepale walipokuwa watu. Mabomu ya kulipuka chini ya maji yakatupwa. Mlipuko wa namna hiyo humpasua mtu matumbo akiwa mbali, bila ngozi yake kuonyesha alama. Walionusurika walisimulia hayo kwa miaka mingi, na baadhi ya mabaharia wa Petard hawakuyasahau. I-27 hatimaye ikaibuka. Paladin ikataka kuigonga, ikachanika ubavu yenyewe. Mizinga ya manowari ikashindwa kutoboa gamba lake, na Petard ikafyatua makombora ya majini moja baada ya jingine mpaka la saba ndilo lililoimaliza. Ni Petard hiyohiyo ambayo mabaharia wake, mwaka 1942, waliingia ndani ya nyambizi ya Kijerumani U-559 ikizama na kutoa vitabu vya siri vilivyosaidia kuvunja msimbo wa Enigma, kwa hiyo si manowari ya watu waoga wala wazembe.

Wanaomtetea kamanda wa Petard wanasema nyambizi ikiachwa hai ingeweza kuzifuata meli nne zilizobaki, nazo zilikuwa na watu maelfu. Naielewa hoja hiyo. Kinachonichosha ni wepesi inavyotolewa na watu waliokaa kwenye kochi, kama hesabu ya darasani, mara nyingi wakiwa wamesoma riwaya ya Monsarrat ya 1951 juu ya vita vya Atlantiki, ambamo nahodha anakabiliwa na uamuzi kama huo na msomaji anaombwa amlilie nahodha. Waliokuwa majini siku ile hawakuwa wahusika wa kumkomaza nahodha.

Upande wa pili nao una dai ambalo siwezi kulibeba: kwamba mabomu yalitupwa kwa urahisi kwa vile waliokuwa majini walikuwa Waafrika. Ushahidi unakataa. Wauguzi wa Kiingereza na mabaharia wa Kiingereza walikuwa wakielea humohumo, na Petard iliwaona. Zaidi ya hapo, meli iliyozama chini ya dakika mbili haiachi watu wengi juu ya maji. Walio wengi kati ya wale 1,297 waliopotea walikufa kabla ya bomu la kwanza kutupwa, wakiwa ndani ya chuma. Ukitaka kuiona rangi ya ngozi ikifanya kazi katika mkasa huu, usiitafute kwenye mabomu. Itafute kwenye mpangilio wa deki, na kwenye kumbukumbu.

Huko Uingereza mkasa huu hukumbukwa hasa kwa ajili ya wanawake, kwani hakuna tukio jingine la vita ambalo wanajeshi wanawake wengi hivyo wa Jumuiya ya Madola walikufa kwa mara moja. Wana haki ya kukumbukwa. Brian James Crabb alichapisha kitabu kizima juu ya meli hii mwaka 1997, na kazi yake ndiyo imefanya tuweze kujadili chochote. Lakini katika simulizi nyingi fupi Rejimenti ya 301 hutajwa kwa idadi yake kisha hadithi inaendelea na majina ya watu wengine.

Lawama si ya Waingereza peke yao. Wanahistoria wa kwetu, tangu miaka ya uhuru, wamempenda askari aliyerudi. Waruhiu Itote alikwenda Burma, akarudi Kenya na maswali, akaingia msituni akawa Jenerali China. Kumbukumbu zake za 1967 zikawa kielelezo cha kila mwalimu: vita ilimfungua macho Mwafrika, naye akaja kudai nchi yake. Timothy Parsons, katika utafiti wake wa 1999 juu ya askari wa kawaida wa KAR, ameonyesha kwamba waliorudi wengi walitaka kazi na heshima nyumbani kuliko siasa, na mimi namwamini. Hata hivyo kielelezo hakijafa. Sifa ya kurudi kutoka Burma ilikuwa kubwa hata Idi Amin, ambaye aliingia KAR mwaka 1946 vita ikiwa imekwisha, akajipa vita hiyo.

Wenzao wa wale waliozama, waliofika Ceylon salama, walivushwa mpaka mpakani mwa India, na kuanzia Agosti 1944 Divisheni ya 11, chini ya Meja Jenerali Fowkes, iliteremka bonde la Kabaw katikati ya masika, matope yakimeza magari, malaria na homa za kupe wadogo zikiwapunguza kuliko risasi. Tarehe 2 Desemba walikamata Kalewa kwenye mto Chindwin, na daraja la vyuma lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100 likatandazwa hapo ndani ya siku chache ili jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Slim livuke. Wapiga mizinga wa 301 hawakufyatua hata mzinga mmoja katika vita hiyo, na ndiyo maana hawamfai mtu yeyote. Hawakuleta ushindi wa kujivunia London, wala hawakuleta siasa ya kujivunia Nairobi.

Majina yao yako kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Rejesta za Tume ya Makaburi ya Jumuiya ya Madola zina namba ya askari, cheo, kikosi na tarehe, na tarehe ni moja kwa wote. Orodha hiyo ingeweza kuchambuliwa, ikachapishwa kwa Kiswahili na kupelekwa kwenye maktaba za Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi. Si kazi ya fedha nyingi, na makumbusho yetu ya taifa yana watu wanaoiweza.