Mlango au Boriti? Kilwa ya Barbosa katika Tafsiri

Mreno Duarte Barbosa, aliyekuwa mwandishi wa serikali ya nchi yake katika pwani ya Malabari, alikamilisha kitabu chake kwenye mwaka 1516 hivi. Miongoni mwa miji aliyoieleza ni Kilwa, ambayo Wareno waliiteka mwaka 1505. Hata hivyo, maneno yake ya Kireno hayakupigwa chapa ila mwaka 1813. Kwa miaka 263 kabla ya hapo, mlango wa kuingilia kitabuni humo ulikuwa tafsiri ya Kiitaliano, aliyoitoa Giovanni Battista Ramusio mjini Venice mwaka 1550.

Waingereza wamekitafsiri mara mbili. Henry Stanley (si yule msafiri wa Kongo, bali mwenziwe wa jina, mkuu wa Alderley aliyesilimu) alikitoa mwaka 1866 kutokana na mswada wa Kihispania uliokuwa Barcelona. Kisha Mansel Longworth Dames akaurudia Ureno wenyewe, na juzuu yake ya kwanza ikatoka mwaka 1918, huku akimchungulia Ramusio kila penye shaka.

Sasa na tuingie katika nyumba za Kilwa. Kwa Stanley, madirisha yake yanafanana na ya Wakristo, na mbao zimeshikamanishwa na ujenzi wa mawe. Kwa Dames, madirisha ni ya mtindo wa "kwetu", na mbao ni za milango iliyochongwa kwa ufundi. Mji ni mmoja, sentensi ni moja, na mbao zimehama kutoka ukutani hadi mlangoni! Fundi wa pwani angewapatanisha wawili hao bila ya kamusi, kwani anazijua boriti za mikoko zinazolala juu ya kuta za matumbawe na kubeba sakafu, na anaijua pia milango ya nakshi. Lakini mfasiri hana ruhusa ya kuchagua vyote viwili. Hapana budi afuate mswada ulio mbele yake, na miswada yenyewe haikuafikiana.

Kosa zito zaidi limo katika neno ambalo wote wawili walikubaliana nalo. Barbosa aliwaita wenyeji *mouros*, jina ambalo Wareno waliwazoea nalo Waislamu wa Maghribi, kisha wakalitandaza juu ya kila Mwislamu waliyekutana naye. Waingereza wakalichukua vivyo hivyo, hata Stanley, aliyekuwa Mwislamu mwenyewe. Barbosa hakuficha kwamba miongoni mwao walikuwamo weusi. Lakini jina lilipokwisha kutangulia, msomaji wa London aliwaona wageni kutoka mbali ndani ya nyumba ambazo vyumba vyake ni vyembamba, kwa kuwa upana wake umepimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko.