"Mkana Mungu": neno lenye shtaka ndani yake

Katika matatu iliyotoka Kitale kwenda Bungoma, kijana mmoja wa chuo alisema binadamu ametokana na viumbe vya kale. Mama aliyeketi mbele yake akageuka. "Kwa hivyo, kijana wangu, wewe umemkana Mungu?" Kijana akajibu, "La, mama, Jumapili mimi huenda kanisani." Mama akatikisa kichwa, na abiria wengine wakawa upande wake.

Mimi simlaumu mama. Nalaumu msamiati tuliompa.

Kukana si kutoamini tu. Baba humkana mtoto wake, mdeni hukana deni, Petro alimkana Yesu. Anayekana ana uhusiano na kile anachokikataa. Mara nyingi anakijua vizuri. Mahakamani mtu asiye na hatia hukana pia, lakini hata huko shtaka hutangulia. Ndiyo maana anayeitwa "mkana Mungu", kama kamusi zinavyomwita, huingia katika mjadala akiwa tayari kizimbani. Neno la Kigiriki lililozaa istilahi hii huko Ulaya lina maana ya "bila Mungu", wala halina tendo la kukana. Kwa maoni yangu, "asiyeamini kuwa Mungu yupo" ni refu, lakini ni la haki.

Kuna mwingine anayesema: sijui kama yupo, wala sioni njia ya kujua. Huyo ndiye mwagnostiki. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1869 na Thomas Huxley, Mwingereza aliyemtetea Darwin hadharani, kutokana na neno la Kigiriki la ujuzi lililowekewa kiambishi cha kukanusha. Lisichanganywe na kauli yetu ya "Mungu ndiye ajuaye", maana hiyo ni kauli ya mwenye imani.

Tukiwachanganya, hata hesabu hupotea. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwaweka wasio na dini na wasioamini Mungu katika safu moja: watu 755,750. Anayeomba nyumbani bila kanisa wala msikiti anaweza kujikuta humo pamoja na anayesema mbingu ni tupu.

Watu wa Bungoma wana sababu ya kulijali jambo hili la majina. Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, aliachana na kanisa la Makwekeri akaanzisha Dini ya Msambwa. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, na mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikaipiga dini hiyo marufuku. Watu hao walimwomba Wele, Mungu wa Wabukusu. Lakini katika lugha ya misheni, aliyeacha kanisa akarudia mila alikuwa mpagani, kana kwamba hakuwa na Mungu wa kumwomba.

Sasa neno lililozua ugomvi garini. Evolusheni kwa Kiswahili huitwa "mageuko", na hapo pana mtego mwingine. Katika hadithi zetu kugeuka hutokea ghafla na kwa kiumbe mmoja: binti anageuka ndege, mzee anageuka fisi. Ndiyo maana swali la "mbona nyani wa leo hawageuki watu?" husikika kila mara, na anayeuliza si mjinga, ameusikiliza mzizi wa neno. Wanabiolojia wanazungumzia kizazi baada ya kizazi, tofauti ndogo zikirithiwa na kulimbikizana, na kinachobadilika ni jamii nzima ya viumbe. "Mabadiliko ya viumbe kwa vizazi" yangelifafanua zaidi. Ushahidi wa mabadiliko hayo uko hapa kwetu: mifupa ya kijana wa Nariokotome, binadamu wa kale, aliyoigundua Kamoya Kimeu mwaka 1984 magharibi mwa Ziwa Turkana, ina umri wa takriban miaka milioni 1.5. Maonyesho ya mifupa hiyo katika jumba la makumbusho Nairobi yalipingwa na Askofu Boniface Adoyo na viongozi wenzake wa makanisa, waliokataa mageuko.

Tena tunauliza, "unaamini evolusheni?" kwa kitenzi kilekile cha kumwamini Mungu, na hapo tunamlazimisha mtu achague. Ushahidi wa mifupa mtu huukubali au huukataa. Kumwamini Mungu ni kumtegemea. Kijana yule alikuwa akifanya yote mawili.

Kijana aliposhuka Kamukuywa, mama alimuuliza tena, safari hii kwa upole, "Basi tukuite nani?" Kijana alifikiri, akamuaga kwa heshima, akaenda bila kumpa jina.