Shaba, umeme na skrini iliyoacha kupepesa

Kakanda, kaskazini-magharibi mwa Likasi katika eneo la Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji wa shaba na kobalti. Shaba ndiyo iliyobeba pia vita virefu ambavyo watumiaji wengi wa kompyuta hawakuvisikia: vita vya kuifanya skrini iache kupepesa machoni pa anayeitazama kutwa nzima.

Tuanze na umeme. Kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilianza kuilisha migodi ya Katanga mwaka 1930. Mwaka 1982 laini ya takribani kilomita 1,700 ilileta umeme wa Inga hadi Kolwezi. Laini hiyo husafirisha mkondo mnyoofu, usiopanda wala kushuka. Ukifika Kolwezi hugeuzwa kuwa mkondo geu wa hezi 50, yaani unaorudia mwendo wake mara 50 kwa sekunde, kama ulivyo Kongo nzima.

Mwendo huo wa 50 ndio ulioipa televisheni ya Ulaya kasi yake. Mafundi waliugawa mchoro katika mistari ya witiri na ya shufwa, wakaichora kwa zamu mara 50 kila sekunde. Mtu aliyekaa mbali sebuleni aliridhika. Karani aliyeketi sentimita 50 kutoka kwenye kioo, akisoma tarakimu ndogo, aliumia.

Ndani ya skrini ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, mshale wa elektroni hufagia kioo kutoka juu hadi chini. Kila nukta inayoguswa huwaka, kisha hufifia kabla ya mshale kurudi. Skrini ya IBM ya mwaka 1981 ilichorwa mara 50 kwa sekunde, ikafichiwa aibu na unga wa kijani uliochelewa kuzimika. Lakini maandishi yaliposogea yaliacha mkia. Mwaka 1984 Macintosh ilileta maandishi meusi juu ya uwanja mweupe, na hapo tatizo likajitokeza. Ferry mwaka 1892 na Porter mwaka 1902 walikwisha kuonyesha kwamba nuru ikiongezeka, jicho huhitaji kasi kubwa zaidi ili lisione mapigo. Na pembe ya jicho huyaona kuliko katikati yake: ukitazama ukuta kando ya skrini, kupepesa huonekana wazi.

Dawa ilikuwa kuongeza kasi, na kasi ilitegemea nyaya za shaba zilizosokotwa shingoni mwa chogo, ambazo sumaku yake huelekeza mshale. VGA, mfumo wa picha wa IBM wa mwaka 1987, ilichora picha ya nukta 640 kwa 480 mara 60 kwa sekunde, yaani mistari 31,500 hivi kila sekunde. Kufikisha mara 85 kwenye picha ya nukta 1024 kwa 768 kulidai mistari zaidi ya 68,000 kila sekunde. Shaba ileile ililazimika kugeuza sumaku yake kwa kasi zaidi ya maradufu.

Waliosukuma jambo hili hawakuwa wahandisi peke yao. Nchini Sweden, TCO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa ofisini, lilianza mwaka 1992 kutoa alama ya ubora kwa skrini, na alama yake ya mwaka 1999 ilidai kasi isiyopungua mara 85 kwa sekunde kwa skrini za chogo za kawaida. Kampuni iliyotaka alama hiyo ilibidi itii. Hata hivyo, kompyuta nyingi ziliachwa kwenye 60 kwa sababu hakuna aliyefungua mipangilio kuibadilisha.

Kwenye miji ya migodi kulikuwa na adha nyingine. Skrini ya chogo ikiwekwa karibu na transfoma au kebo nene, sumaku ya umeme wa hezi 50 huisukuma picha pembeni. Ikiwa skrini imewekwa kwenye 60, tofauti ya 10 kati ya kasi hizo mbili huonekana kama mtikisiko wa mara kumi kwa sekunde. Mara nyingi kuihamisha meza tu kulitosha.

Skrini bapa zilimaliza mshale, lakini nyingi zilirudisha mapigo kwa mlango mwingine. Ili kupunguza mwanga, taa zake za LED huwashwa na kuzimwa mara mamia kwa sekunde. Tangu takribani mwaka 2013, kampuni za BenQ na EIZO zimekuwa zikiuza skrini zinazopunguza mkondo wenyewe badala ya kuukatakata.

Kipimo hakihitaji maabara. Punguza mwanga wa skrini, kisha pitisha penseli kwa haraka mbele ya uwanja mweupe. Ukiona penseli nyingi zilizotengana, taa inapigapiga. Ukiona ukungu mmoja laini, imetulia. Shule na ofisi za Kakanda na Likasi zinazonunua vifaa vilivyotumika zifanye hivyo kabla ya kulipa. Nafuu ya macho ilidaiwa na wafanyakazi hadi ikapatikana, na mfanyakazi wa Katanga, ambako shaba hiyo huchimbwa, ana haki ya kuidai vilevile.